Dawa ya HER2: Uliza Bei ya Mwaka, Usiulize ya Dozi

Trastuzumabu, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Herceptin, hupunguza uwezekano wa saratani ya matiti kurudi kwa mwanamke aliyegundulika mapema. Hutolewa kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima, yaani dozi 18. Ndiyo maana naogopa nikisikia familia ya hapa Dar es Salaam, iwe Mbagala au Tegeta, inachangishana fedha za dozi ya kwanza tu. Kikoba kikishakopesha na ndugu wakishatoa, dozi ya tatu italipwa na nani?

Kabla ya shilingi kutoka mfukoni, shika majibu ya maabara mkononi. Dawa hii ni ya uvimbe wenye protini ya HER2 kwa wingi, na wenye uvimbe wa aina hiyo ni kama mmoja kati ya wagonjwa watano au sita. Majibu ya HER2 yakiwa 3+, yanatosha kuanza. Yakiwa 0 au 1+, si dawa yako. Yakiwa 2+, dai kipimo cha FISH, kinachoamua kama HER2 ni nyingi kweli. Usikubali kuanzishiwa wala kunyimwa kabla hakijafanyika. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mwaka wa dawa usiyoihitaji.

Sasa hesabu. Dozi ya kwanza ni miligramu 8 kwa kila kilo ya uzito, zinazofuata ni 6. Mama wa kilo 60 atahitaji miligramu 480, kisha 360 mara 17: jumla 6,600. Hizo ni chupa 15 kamili za miligramu 440. Lakini masalio yakitupwa kila mara, atanunua chupa 19. Chupa ya 440 ikichanganywa na maji yake maalumu yenye kihifadhi, hukaa kwenye jokofu hadi siku 28, na hospitali inayowapanga wagonjwa kadhaa siku moja huweza kugawa chupa bila kumwaga. Kwa hiyo swali la kwanza dirishani liwe hili: nalipia chupa au miligramu? Ipo pia sindano ya chini ya ngozi, miligramu 600 kwa kila mtu, inayochomwa kwa dakika chache. Omba bei yake, ongeza gharama ya kitanda na dripu kwenye bei ya ile ya mshipani, ndipo ulinganishe.

Kati ya Herceptin na dawa mfanano (biosimilar), mimi nachagua mfanano iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaithibitisha mfanano ya kwanza. Kulipia jina wakati dozi za mbele hazina fedha ni hasara.

Je, miezi sita inatosha? Utafiti wa PERSEPHONE wa Uingereza, wenye wagonjwa zaidi ya 4,000, ulionyesha kuwa baada ya miaka minne asilimia 89.4 ya waliotumia miezi sita walikuwa hai bila saratani kurudi, dhidi ya 89.8 ya waliomaliza mwaka. PHARE wa Ufaransa haukuthibitisha usawa huo, hivyo mwaka mmoja ndio unaobaki kuwa kawaida. Fedha zikiwa za miezi sita tu, mweleze daktari waziwazi mwanzoni, ili naye apange akijua.

Weka kwenye bajeti kipimo cha eko cha moyo, kabla ya kuanza na kila miezi mitatu, kwa kuwa dawa huweza kuudhoofisha moyo. Mkazi wa Temeke anaweza kukiulizia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), tawi la Dar Group, pale TAZARA, badala ya kwenda hadi Upanga.

Nchini Kenya, mwaka 2025, serikali ilikubaliana na Roche, mtengenezaji wa Herceptin, bei ya dawa hiyo ishuke kutoka shilingi 120,000 za huko hadi 40,000 kwa dozi, ikilipwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya huko. Bei hushuka mnunuzi akiwa mkubwa. Mgonjwa peke yake hana ubavu huo. Kwa hiyo, dada, kabla ya kuuza kiwanja, uliza Taasisi ya Saratani Ocean Road dawa inapatikanaje, uliza bima yako inalipia dozi ngapi, kisha pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Majibu yote yachukue kwa maandishi.