Fundi aliyeuonyesha uso wa Bwana

Nani athubutuye kuuonyesha uso wa Bwana wetu? Wachoraji walijaribu tangu kale, lakini picha ya ukutani haisemi wala haitembei. Mwaka 1977 Mwitalia mmoja, Franco Zeffirelli, alimwingiza Kristo sebuleni mwa watu kwa njia ya televisheni, akapata matata kabla kazi yake haijaonekana.

Alizaliwa Florence tarehe 12 Februari 1923, nje ya ndoa. Hakuweza kupewa jina la baba yake wala la mume wa mama yake. Basi mama akamchagulia neno kutoka wimbo wa Mozart, maana yake upepo mwanana. Karani akakosea kuliandika, na kosa lile likawa jina la mtoto. Alipofikia miaka sita, mama akafa.

Alisomea sanaa na ujenzi, kisha vita vikamkatiza. Baadaye akajifunza kazi kwa Luchino Visconti, bwana mkubwa wa michezo ya kuigiza. Elimu ya ujenzi haikupotea: mara nyingi alichora mwenyewe mapambo ya jukwaa. Mwaka 1960, mjini London, alionyesha Romeo na Juliet kama vijana wa kweli wenye damu moto, si kama waimbaji wa mashairi. Lakini alipenda fahari kupita kiasi, hatuna budi kulisema. Mwaka 1966, katika matayarisho ya kufungua nyumba mpya ya opera ya New York, alirundika vitu vingi hata jukwaa lizungukalo likaharibika.

Mwaka 1969 alinusurika kufa katika ajali ya gari, na imani yake ikaamka. Mwaka 1972 akatoa sinema juu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Ndipo ikaja kazi ya maisha ya Yesu, yenye urefu wa saa sita na zaidi, iliyopigwa picha Moroko na Tunisia.

Jukwaani mtazamaji hukaa mbali. Katika televisheni uso u karibu naye kama uso wa mgeni mezani. Kwa hiyo Robert Powell, Mwingereza aliyeigiza Yesu, karibu hapepesi macho kamwe. Jambo dogo, lakini jaribuni kumtazama mtu asiyepepesa!

Zeffirelli alikuwa amesema kwamba atamwonyesha Yesu kama mtu mpole, wa kawaida. Waprotestanti kadha wa Marekani wakaghadhibika, ingawa hawajaona hata picha moja. Kampuni ya General Motors, iliyokuwa imetoa fedha, ikajitoa. Nyingine ikashika nafasi yake. Je, Mwana wa Mungu hakuona njaa na uchovu? Dominika ya Matawi, tarehe 3 Aprili 1977, Papa Paulo VI aliwahimiza waamini waitazame.

Zeffirelli alifariki Roma tarehe 15 Juni 2019, mwenye miaka 96, akazikwa Florence alikozaliwa.