Trakeomikoze ya kahawa: kuvu inayoazima silaha kwa jirani



Kwenye mkutano mmoja upande wa Beni, papa mmoja mwenye mvi alisimama akaniuliza: « Mwanangu agronome, baba yangu alituambia ugonjwa huu uliishaga wakati wa Wabelgiji. Robusta ndiyo ilituokoa. Sasa juu ya nini ni robusta tena inakufa? » Nilimjibu kwa kifupi, lakini jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe. Ndiyo maana ninaandika leo.

Trakeomikoze munaijua. Majani yanageuka manjano, mara nyingi upande mmoja wa mti kwanza, yanakunjika, yanaanguka. Matunda yanakuwa mekundu mbele ya wakati wake. Ukikwangua ganda karibu na udongo, unaona mistari ya bluu-nyeusi kwenye mbao. Ni kuvu, ile wengi tunaita shampinyo, ndiyo imeziba mishipa ya maji. Mti unakufa kwa kiu hata kama mvua inanyesha kila siku. Jina lake la wataalamu ni Fusarium xylarioides.

Ilionekana mara ya kwanza mwaka 1927 kule Oubangui-Chari, leo Afrika ya Kati. Ilimaliza hasa kahawa ya excelsa, ikafika mpaka kwetu Kongo. Wakati ule watu waling'oa na kuchoma mashamba mazima, wakapanda robusta zilizochaguliwa kwa sababu zilivumilia. Ugonjwa ukatulia. Hapo baba wa yule papa alisema kweli. Lakini miaka ya 1970 ulirudi upande wa Isiro, na safari hii ulishika robusta. Mwaka 1993 ulionekana Uganda, kiisha ukafika Tanzania. Ethiopia nako kuna kuvu ya jamii hiyohiyo, lakini ile inaua arabika, robusta haiigusi.

Ginsi gani kuvu moja inabadilisha chakula chake hivyo?

Mbuzi anapata urithi wake kwa baba na mama. Maagizo ya urithi huo, yaani jeni, yanateremka kutoka mzazi mpaka mtoto. Mbuzi hawezi kulala karibu na kondoo akaamka na manyoya ya kondoo. Kuvu, mara chache, inaweza jambo la namna hiyo. Mwili wake ni nyuzi ndogondogo zinazotembea ndani ya udongo na ndani ya mimea. Nyuzi za kuvu mbili zikikutana, zinaweza kuungana, na kipande cha urithi kikapita kwa jirani ambaye si mtoto wala si ndugu wa karibu.

Si hadithi. Mwaka 2010, wachunguzi walionyesha kwamba waliweka pamoja kuvu mbili za Fusarium oxysporum: moja inaua tomati, ingine haina ubaya kwa tomati. Ile isiyo na ubaya ilipokea kifungu kizima cha urithi kutoka kwa mwenzake, na yenyewe ikaanza kugonjwesha tomati. Mukifikiri vizuri, hiyo inaogopesha kidogo.

Kwa kahawa, Lily Peck wa Imperial College London na wenzake walichukua kuvu za trakeomikoze zilizohifadhiwa kwenye maktaba ya kuvu, zingine tangu mlipuko wa kwanza, wakasoma urithi wao wote. Matokeo yalitoka 2024. Waliona kwamba kuvu inayoua robusta na ile inayoua arabika zina vipande vikubwa vinavyofanana sana na vya Fusarium oxysporum, kuliko vile undugu wao ungeruhusu. Na baadhi ya jeni hizo zinafanya kazi wakati kuvu inashambulia mti. Vingi vya vipande hivyo vinasafiri kama mzigo wenye kapita wake: jeni moja mbele inakata, inahamisha na kuingiza mzigo wote fasi mpya.

Sasa, Fusarium oxysporum inakaa wapi? Karibu kila udongo. Ndiyo hiyo, kwa sura zake mbalimbali, inayonyausha ndizi, maharagi na tomati. Si kusema ng'oeni ndizi katikati ya kahawa! Kivuli chake kina faida, na mambo haya ya kuazima yanatokea kwa nadra, kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba mti mgonjwa uliosimama shambani miezi na miezi unazipa kuvu nafasi ya kukutana, tena unatupa mbegu zake kwa miti ya jirani.

Kwa hiyo mti ukishapatikana na mistari nyeusi, ung'olewe pamoja na mizizi na kuchomwa palepale. Ninajua ginsi kuni zilivyo ngumu kupata, na mbao ya kahawa inawaka vizuri. Lakini kuni ile ikibebwa mpaka nyumbani inapita na kuvu yake katika mashamba ya wengine. Shimo lipumzike angalau miezi sita mbele ya kupanda kahawa ingine. Wakati wa kulima, mpanga usijeruhi shina, maana kidonda ndio mlango. Kwa kukata matawi, pitisha chuma kwenye moto ao maji ya javeli kati ya mti na mti.

Juu ya kloni: Uganda ilitoa robusta zinazovumilia, zinaitwa KR. Ni nzuri. Lakini musijaze pepinieri na kloni moja tu, hata kama inazaa kupita zingine. Kuvu ikipata silaha ya kloni ile, shamba zima linaenda siku moja, kama ilivyoenda kwa babu zetu.

Na mukiona mti wa kloni yenye kuvumilia unakauka, ule musiuchome mara moja. Muufunge kamba, musikate kitu juu yake, mutume habari kwa agronome wa koperative aje achukue kipande yeye mwenyewe. Kisha muuchome siku ileile.