Kutoka Barazani Hadi Kiti cha Jaji

Je, mtu aliyekuwa akiomba kura jana aweza kuhukumu kwa haki leo? Kwa watu wa Kibera na Kawangware swali hilo si dogo. Mpangaji au mchuuzi asiyeridhika na hukumu ya hakimu katika Mahakama ya Kibera hukata rufani Mahakama Kuu, na huko shauri lake husikizwa na Jaji.

Jambo hili laeleweka vema kwa kutazama kazi ya marehemu Bwana Chunilal Bhagwandas Madan, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1912. Alisomea sheria London, akawa wakili, kisha mjumbe wa Baraza la Mji wa Nairobi. Mwaka 1948 aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Siku zile viti viligawanywa kwa rangi, naye alikalia kiti cha Wahindi. Baadaye alifanywa Waziri asiye na wizara maalumu. Mwaka 1961 aliiacha siasa, akateuliwa kuwa Jaji. Tangu hapo ilimpasa kuwasikiliza watu wa kila rangi kwa kipimo kimoja.

Alipokuwa Jaji Mkuu, kati ya 1985 na 1986, uhuru wake ulijaribiwa. Bwana Stanley Githunguri alishtakiwa kwa habari ya fedha za kigeni, ingawa miaka kadhaa nyuma Mwanasheria Mkuu alikwisha mhakikishia kwamba hatashtakiwa. Mwaka 1986 Bwana Madan na majaji wawili wenziwe walikataza mashtaka hayo yasiendelee. Hivyo aliyekuwa Waziri wa Serikali aliizuia Serikali isivunje neno lake.

Yafaa ifahamike kwamba uhuru huo hautegemei moyo wa mtu peke yake. Chini ya Katiba ya 2010, Jaji wa Mahakama Kuu sharti awe na uzoefu wa sheria usiopungua miaka 10, na apendekezwe na Tume ya Utumishi wa Mahakama kabla Rais hajamteua. Haruhusiwi kushika cheo katika chama cha siasa. Mshahara wake haupunguzwi ili kumtisha, wala haondolewi kazini kabla ya miaka 70 ila baada ya uchunguzi wa jopo maalumu.

Basi mwenye shauri asihesabu kura alizopata Jaji hapo kale. Na asome sababu zilizoandikwa katika hukumu, maana hizo ndizo zitakazopimwa akikata rufani.