Homa ya Baridi na Dawa za Majani

Ndugu, mtoto akitetemeka kwa baridi na mwili wake kuwaka moto, mama hukimbilia majani. Chai ya mchaichai haina neno. Humpa mgonjwa maji. Lakini kumfunika mtoto blanketi juu ya chungu cha mvuke ni kumwongezea moto, tena wengine huungua. Kweli, kinini hutoka katika ganda la mti, nao umepandwa huku Kivu. Lakini kinini hupimwa. Nguvu ya majani yaliyochemshwa chunguni, nani ameipima? Homa hushuka, mama hufurahi, kumbe wadudu wa malaria wangali katika damu. Umlete siku ile ile, tumchome kidole, tupime damu. Akishikwa na degedege au akishindwa kunyonya, usingoje maji yachemke.