JE, KUPANDIKIZWA KONGOSHO KUNAPONYA KISUKARI?



Ukiwa mkimbizi au mwenyeji wa Tiira, Busia au Tororo, huenda umesikia kwamba mgonjwa wa sukari anaweza kupandikizwa sehemu ya kongosho la mtu mwingine na kuacha sindano. Matibabu hayo yapo, lakini soma kwanza.

Kongosho hufanya kazi gani?
Ndani ya kongosho kuna vishada vidogo vya seli viitwavyo visiwa vya Langerhans. Ndivyo vinavyotengeneza insulini. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huviharibu.

Upandikizaji hufanywaje?
Visiwa hutolewa kwenye kongosho la mtu aliyefariki, kisha huingizwa kwa mrija katika mshipa unaopeleka damu kwenye ini la mgonjwa. Mwaka 2000 madaktari wa Edmonton, Kanada, walitangaza kwamba wagonjwa 7 waliacha sindano kwa njia hii. Lakini kati ya waliopandikizwa huko, wengi walirudia insulini kabla ya miaka 5 kwisha.

Kwa nini ni vigumu?
Kisiwa kikitolewa, mishipa yake ya damu hukatika. Ni kama mche wa nyanya uliong'olewa kitaluni: usiposhika mizizi mapema, hunyauka. Siku za kwanza kisiwa huishi kwa oksijeni kidogo inayopenya kutoka damu ya jirani. Seli za katikati huumia zaidi, na visiwa vingi hufa. Vinavyobaki hai hutoa kemikali za kuita mishipa mipya, nayo huchipua kutoka kwenye ini na kuingia ndani yake. Kazi hii huchukua kama wiki 2, na hata ikiisha mishipa huwa michache kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana mgonjwa mmoja mara nyingi huhitaji visiwa vya watu 2 au zaidi. Tena hutumia dawa za kupunguza kinga muda wote visiwa vinapofanya kazi, na hivyo huambukizwa magonjwa kwa urahisi.

Wewe ufanye nini?
• Usiache insulini ukingoja upandikizaji. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha anaweza kufa kwa siku chache.
• Ukiugua na kushindwa kula, usikatize insulini. Nenda kituo cha afya upewe ushauri wa kipimo.
• Huna friji? Weka insulini kivulini, ndani ya chungu cha udongo chenye ubaridi. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofuata joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, ulionyesha kuwa insulini ilibaki na nguvu kwa wiki 4 katika nyuzi 25 hadi 37.
• Kiu kali, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi ni dalili za hatari. Kimbilia kituo cha afya mara moja.
• Mtu akikuuzia dawa ya "kuotesha kongosho", usinunue.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya aliye karibu naye.