Unapanda vilima vya Mlola kila siku, mbona kilo hazishuki? Hesabu ya kalori iko hivi

Ukiwa Mlola, huko milimani Lushoto, tambarare ni ya kutafuta. Kwenda shamba ni mteremko, kurudi na mzigo ni kupanda. Kwa hiyo mtu akipimwa presha na kuambiwa apunguze uzito, swali linamjia haraka: "Nipunguze vipi, na mimi natembea hivi kila siku?"

Swali hilo ni la haki. Jibu lake linaanzia ndani ya mwili, sio njiani.

Nguvu zinaenda wapi?

Chakula kikiingia, mwili unakigeuza kuwa nguvu. Kazi hiyo inaitwa umetaboli, na nguvu zenyewe zinapimwa kwa kalori. Kwa watu wengi, asilimia 60 hadi 70 ya kalori za siku zinatumika hata ukilala tu: moyo unadunda, ubongo na ini vinafanya kazi, joto la mwili linalindwa. Kama asilimia 10 inatumika kusaga chakula. Kinachobaki ndicho cha kutembea, kulima na kubeba.

Yaani mlima unachoma kalori, lakini sio nyingi kama unavyodhani.

Walichotuonyesha Wahadzabe

Ushahidi mzuri umetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watu hawa wanatembea kilomita nyingi kila siku. Walipopimwa, wanaume walitumia kama kalori 2,600 kwa siku, wanawake kama 1,900. Ukilinganisha kwa ukubwa wa miili, hawakuwapita watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa!

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea shughuli nyingi, unabana matumizi sehemu nyingine. Mazoezi bado ni dawa kwa moyo, sukari na usingizi, tena yanasaidia uzito usirudi. Ila kilo zinashuka zaidi kupitia sahani.

Piga hesabu yako

Chukua simu, fungua kikokotoo:

• Uzito (kilo) × 10
• Jumlisha urefu (sentimita) × 6.25
• Toa umri × 5
• Mwanamke toa 161, mwanaume ongeza 5

Mfano: mama wa miaka 40, kilo 80, sentimita 160. 800 + 1,000 − 200 − 161 = 1,439. Hizo ni kalori za mwili ukiwa umepumzika.

Sasa zidisha kwa 1.4 kama unashinda umekaa dukani, au 1.7 kama unashinda na jembe. Huyu mama akiwa wa dukani anapata kama 2,000, akiwa wa shambani kama 2,400. Ukisitasita kati ya namba mbili, chukua ndogo. Na kumbuka haya ni makadirio, mizani ndiyo itakayokuambia ukweli.

Punguza kidogo tu

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700. Ukipunguza 400 kwa siku, mwanzoni unaweza kushusha kama kilo moja na nusu kwa mwezi.

Kalori 400 utazitoa wapi? Kijiko kidogo cha sukari kina kama 16. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, tayari ni kama 145. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120, kwa hiyo ukipunguza viwili kwenye chakula chako cha siku ni 240. Jumla 385, na ugali hujaugusa!

Maharage na mboga za majani usiziache, zinashibisha. Kabichi isiogelee mafuta tu.

"Umri umeenda, mwili umepoa"

Kisingizio hiki kinapendwa sana. Lakini utafiti mkubwa wa mwaka 2021, uliohusisha watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kuwa kasi ya umetaboli, ukizingatia ukubwa wa mwili, haibadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Baada ya hapo ndipo inashuka polepole. Kitambi cha miaka 35 mara nyingi kinatokana na kula na kukaa, hasa kama boda imechukua nafasi ya miguu.

Usijitese

Kushinda njaa kunakula misuli, mwili unabana matumizi, na ukirudi kula kilo zinarudi. Pia kadiri unavyopungua, mahitaji yanashuka: yule mama akifika kilo 70, kalori zake za mapumziko zimepungua 100. Ndiyo maana kilo hugoma baada ya miezi kadhaa. Piga hesabu upya, usikate tamaa.

Mjamzito, anayenyonyesha, au anayetumia dawa za kisukari au presha, aongee kwanza na mhudumu wa afya. Wengine wote, jipimeni mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ile ile. Mwezi ukiisha bila mabadiliko, rudi kwenye sukari na mafuta kabla hujaulaumu mwili.