Mbio za Filbert Bayi na Nishani Aliyoikosa

Watoto wetu wa Mtwara na Mikindani, na wale wa Msimbati hata karibu na mdomo wa Ruvuma, hupenda kushindana mbio mchangani maji yakipwa. Anayeshinda hushangiliwa, anayeshindwa hujaribu tena kesho. Lakini yuko na mtu wa tatu, aliyejitayarisha, akawa na nguvu, kisha akazuiwa asikimbie. Huyo afanye nini? Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mtu wa nchi yetu aliyepatwa na jambo hilo, ili wazazi na walimu wawasimulie watoto.

Jina lake ni Filbert Bayi. Alizaliwa Karatu, upande wa Arusha, tarehe 23 Juni 1953, na katika ujana wake akaingia jeshini. Mwaka 1972 alipelekwa Munich, Ujerumani, kwenye Michezo ya Olimpiki, lakini akatolewa katika mbio za mchujo. Hakukata tamaa. Mwaka uliofuata, mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea duniani, akatwaa nishani ya dhahabu ya mita 1500.

Wakimbiaji wengi wa mbio hizo hukaa nyuma ya wenzao, wakaweka akiba ya nguvu, kisha wakachomoka karibu na mwisho. Bayi hakufuata desturi hiyo. Alitoka mbele tangu mwanzo, kama nahodha anayetweka tanga zima tangu bandarini. Naye mtu wa namna hiyo akikosea, kosa lake huonekana na wote. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza toka mwanzo hata mwisho. John Walker wa New Zealand alimkaribia sana, asimpate. Bayi alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani iliyodumu tangu 1967. Mei 1975, Kingston, Jamaica, alivunja na rekodi ya maili moja, kwa dakika 3 na sekunde 51. Miezi michache baadaye Walker akaivunja hiyo. Basi watu wakangoja wawili hao wakutane Montreal, Kanada, katika Olimpiki ya 1976.

Hawakukutana. Timu ya ragbi ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyokuwa ikiwaonea watu weusi kwa sheria za ubaguzi. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika michezo. Zilipokataliwa, zaidi ya nchi 20 zikasusa, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Walker alikimbia, akapata dhahabu. Bayi hakukimbia.

Sisi wa kando ya Ruvuma twaifahamu vema sababu ile. Wazee wetu waliwapokea ndugu wa Msumbiji waliovuka mto wakikimbia vita vilivyoanza 1964. Walijua ya kuwa uhuru wa jirani una gharama. Lakini gharama ya 1976 haikugawanywa sawasawa. Wengi walitoa maneno. Mkimbiaji alitoa mwaka wa nguvu zake, na mwaka huo haurudi. Tusiseme kwamba hakupoteza kitu kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la haki. Sadaka isiyouma si sadaka.

Mwaka 1978 alishinda tena, mjini Algiers, kisha akapata fedha huko Edmonton, Kanada. Mwaka 1980 alikwenda Moscow, safari hii kwa mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Humo mkimbiaji huruka viunzi mara 28 na dimbwi la maji mara 7. Kama desturi yake alitoka mbele, akawaacha wenzake mbali. Lakini katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia, akampita. Bayi akapata nishani ya fedha, ya kwanza ya Olimpiki kwa Tanzania. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5000. Hata michezo ya Paris ilipofungwa mwaka 2024, nchi yetu haikuwa imepata nyingine zaidi ya hizo mbili.

Alipoacha mbio hakukaa akihesabu alichonyimwa. Yeye na mkewe walianzisha shule, Kimara katika Dar es Salaam na Mkuza huko Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Enyi wazazi na walimu, katika nyumba zetu wamo watoto waliojitayarisha wakazuiwa: mmoja alikosa ada, mwingine alibaki nyumbani kumwuguza mama. Msimwambie mtoto huyo, “Si kitu.” Ni kitu. Mwambieni kwamba Mungu ameona alichokitoa, kisha mkae naye mtafute mbio nyingine atakazokimbia. Na sisi tulionufaika kwa kukosa kwake, tusisahau kumshukuru.